Ile Miezi Sita ya Dawa za TB Ilipimwa Kwetu

Kunja mkono wa shati, ule wa kushoto, uangalie chini kidogo ya kiwiko. Kama ulizaliwa Kenya kuna uwezekano mkubwa utapata kovu kadogo hapo, kaduara tu, kanang'aa. Hiyo ni BCG. Ulidungwa ukiwa mtoto wa siku chache, ukalia, mama akakubembeleza, story ikaisha.

Sasa sikia. Chanjo hiyo ilipewa binadamu wa kwanza huko Paris mwaka wa 1921. Tangu hapo haijapata mwenzake. Simu unabadilisha kila miaka miwili, lakini chanjo ya ugonjwa wa kuambukiza unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani ni ile ile ya enzi za baba ya babu yako. Na hata hiyo inawakinga zaidi watoto wadogo, dhidi ya zile TB mbaya za ubongo na za kusambaa mwilini. Wewe wa miaka ishirini na kitu, unayebanana kwenye matatu saa moja jioni madirisha yakiwa yamefungwa juu ya mvua, hiyo kovu haikusaidii sana.

WHO walihesabu mwaka wa 2023 wakapata watu milioni 10.8 waliougua TB, na milioni 1.25 waliokufa. Gawanya kwa siku 365. Ni zaidi ya watu 3,400 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Na huu si ugonjwa usio na dawa. Dawa iko, inaponya, na kwa hospitali za serikali hapa Kenya hulipii hata shilingi. Mimi hapo ndipo hushikwa na hasira, ndio maana hii post ni ndefu. Tafuta pahali ukae.

Kwanza tutoe uchafu njiani. TB haitoki kwa kushiriki kikombe, wala kwa kulogwa, wala kwa kulala bila sweta. Ni bakteria inayoelea hewani mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, akiimba au hata akiongea, na wewe ukaivuta. Takriban robo ya watu wote duniani wameivuta wakati mmoja au mwingine. Wengi wao hawataugua kamwe, juu mwili huizungushia ukuta ikabaki hapo imelala. Kati ya watu mia walioambukizwa ni kama watano hadi kumi tu ambao itaamka ndani yao. Inaamka mwili ukichoka: ukikosa chakula, ukiwa na virusi vya Ukimwi, ukiwa na kisukari, ukivuta sigara miaka na miaka, ukilewa kupita kiasi. Ndio maana tangu zamani TB imejua kuchagua mtaa. Vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi, watu sita ndani na dirisha moja, hizo ndizo nyumba inazozipenda.

Wazungu wenyewe wanaijua vizuri. Ilikuwa ikiwamaliza. Karne ya 19 huko Ulaya ilikuwa ugonjwa wa wasanii na washairi kwa vitabu, na ugonjwa wa wafanyakazi wa viwanda kwa makaburi. Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani kwa jina Robert Koch alisimama mbele ya wanasayansi wenzake Berlin akawaonyesha mdudu mwenyewe. Aliwaambia mtu mmoja kati ya kila saba anakufa kwa ugonjwa huu. Mpaka siku hiyo wengi waliamini TB ni kitu cha kurithi, damu mbaya ya ukoo fulani. Siku ya TB Duniani huwa Machi 24 kwa sababu hiyo.

Huyo Koch, kwa kupitia tu, alifika huku kwetu. Mwaka wa 1906 na 1907 alipiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, akifuata ugonjwa wa malale. Dawa aliyowapa watu huko, Atoxyl, iliwapofusha baadhi yao. Siandiki hivyo ili kumtukana marehemu. Nataka uone mapema kwamba Afrika Mashariki kutumika kama mahali pa kujaribia dawa ni hadithi ya zamani, na tutairudia sasa hivi, ila safari hii iko na sura mbili.

Kujua mdudu hakukuponya mtu. Miaka sitini baada ya Koch, matibabu yalikuwa kulala. Kama ulikuwa na pesa ulipelekwa milimani, Davos kule Uswisi, ukalazwa kwa veranda kwenye baridi, ukalishwa maziwa na mayai, ukangoja. Kama huna, ulingoja nyumbani. Kitu kimoja cha kufikiria ni kwamba vifo vya TB Uingereza vilikuwa vimeshuka sana kabla dawa yoyote haijapatikana. Wanahistoria bado wanabishana sababu, wengine wanasema ni chakula bora, wengine nyumba zenye nafasi, wengine kule kutenga wagonjwa. Hakuna anayesema ni bahati.

Dawa ya kwanza ya kweli ilitoka kwa udongo. Oktoba 1943, Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani, mwanafunzi wa miaka 23 anaitwa Albert Schatz alikuwa amefungiwa chini kwenye besimenti na vijidudu vyake, juu wenzake waliogopa kuambukizwa. Humo ndimo alipata streptomaisini. Profesa wake, Selman Waksman, ndiye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1952, peke yake. Schatz alikuwa ameshampeleka kortini kabla ya hapo. Wasee wa chuo mnaofanyia malekchara utafiti, hiyo naona mmeielewa bila maelezo.

Waingereza walipata kiasi kidogo tu cha streptomaisini, haingetosha kila mtu. Kwa hivyo walifanya kitu ambacho leo ndicho msingi wa kupima dawa zote: waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Hamsini na watano wakapewa dawa, hamsini na wawili wakapewa kitanda cha kupumzikia, kama kawaida ya siku hizo. Walikuwa vijana wa rika lenu. Baada ya miezi sita, kundi la dawa lilikuwa limepoteza watu 4 na kundi la kitanda 14. Matokeo yalichapishwa 1948 na watu wakashangilia.

Halafu wale waliopona wakaanza kurudi. Bakteria walikuwa wamejifunza. Dawa moja peke yake inaua wengi, lakini wale wachache sugu wanabaki, wanazaana, na sasa mwili mzima umejaa watu ambao streptomaisini haiwatingishi. Baada ya miaka mitano, tofauti kati ya yale makundi mawili ilikuwa imebaki ndogo. Kutoka hapo ikawa sheria kwamba TB haipigwi na dawa moja. Ni lazima zichanganywe. Mwaka wa 1952 isoniazidi ilipoingia, mchanganyiko ukapatikana wa kumponya karibu kila mtu.

Tatizo ni muda. Ilibidi umeze dawa miezi kumi na minane, mara nyingine miaka miwili, na kwa sehemu ya muda huo udungwe sindano. Mgonjwa tajiri alilazwa sanatoria mwaka mzima. India ilikuwa na mamilioni ya wagonjwa na vitanda vya kuhesabu. Kwa hivyo kule Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, jaribio lilianza 1956: wagonjwa 193, nusu wakapelekwa sanatoria wakala vizuri na kupumzika, nusu wakabaki nyumbani kwao, kwenye vyumba vilivyojaa na chakula duni, lakini wakapewa dawa zile zile. Walipona karibu sawa. Na jamaa wa wale waliobaki nyumbani hawakuambukizwa zaidi ya jamaa wa wale waliolazwa. Yaani ule mlima, zile veranda na yale mayai havikuwa na kazi kubwa ukishakuwa na dawa. Sanatoria za Ulaya zilianza kufungwa. Nyingine ziligeuka hoteli.

Mtu aliyeongoza kazi ya Madras ni daktari Mwingereza, Wallace Fox. Aliporudi London alikuwa na swali moja. Kama mtu anaweza kuponea nyumbani, je, anaweza kupona haraka zaidi? Na jibu la swali hilo lilikuja kutafutwa hapa.

Mwaka wa 1970, wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingizwa kwenye jaribio la pamoja kati ya watafiti wa Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wengine walipewa matibabu ya kawaida ya miezi kumi na minane. Wengine wakapewa miezi sita tu, kwa michanganyiko tofauti. Wataalamu wengi wa wakati huo waliona ni wazimu. Miezi sita? Hao watu wote watarudi hospitali.

Kuna dawa mbili zilizokuwa zikiangaliwa kwa makini. Moja ni pirazinamidi, ya zamani, iliyokuwa imetupwa pembeni kwa sababu ilipewa kwa dozi kubwa ikaumiza maini. Nyingine ilikuwa mpya kabisa, rifampisini, iliyotokana na udongo wa pwani ya Ufaransa na kutengenezwa na kampuni ya Milan. (Waitaliano hao waliipa dawa yao ya udongo jina kutokana na filamu ya majambazi iliyokuwa ikitamba, *Rififi*. Ndiyo hiyo hiyo dawa inayogeuza mkojo rangi ya chungwa ukadhani unakufa.)

Matokeo yalitoka 1972. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa miezi sita, karibu 29 kati ya kila mia walirudiwa na ugonjwa. Hiyo ilitarajiwa. Lakini walioongezewa rifampisini ni kama watatu tu kati ya mia, sawa na wale waliomeza dawa mwaka mmoja na nusu. Walioongezewa pirazinamidi ni kama wanane.

Acha nieleze kwa nini hilo ni kubwa, juu ndio roho ya hii story yote. Ukianza dawa za TB, bakteria wengi wanakufa wiki za kwanza. Kikohozi kinapungua, unaanza kula, kilo zinarudi, mbogi inakuambia umeng'aa. Kumbe kuna wachache wamelala. Hawazaani, hawali, na dawa nyingi zinaua bakteria anayefanya kazi. Hao wanaolala ndio walifanya matibabu yaende miezi kumi na minane, ni kungoja waamke mmoja mmoja uwapige. Rifampisini na pirazinamidi zinawapata wakiwa wamelala. Ndiyo maana leo mtu wa TB ya kawaida anameza dawa nne kwa miezi miwili, halafu mbili kwa miezi minne, na imekwisha. Majaribio mengine yalifuata hapa kwetu, Hong Kong na Singapore kunyoosha mchanganyiko huo, lakini mlango ulifunguliwa hapa. Mgonjwa wa Lima, wa Manila, wa London, akiambiwa "ni miezi sita tu", hiyo "tu" ilitoka kwa makohozi ya wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Shuleni nilifundishwa Vasco da Gama mara ngapi sijui. Hii sikufundishwa.

Sasa sura ya pili. Ungedhani watu waliojitolea miili yao ndio wangepata dawa ya kwanza. Hapana. Rifampisini ilikuwa ghali kupita kiasi. Nchi tajiri ziliichukua. Nairobi, mahali pamoja na pengine palipothibitisha kwamba inafanya kazi, mgonjwa wa kawaida aliendelea kupewa dawa ya bei rahisi, thiasetazoni, pamoja na isoniazidi, kwa mwaka mzima. Si mwaka mmoja au miwili baada ya 1972. Miaka ya 1980 ikiisha, thiasetazoni bado ilikuwa ndiyo ya kawaida.

Na hapo ndipo Ukimwi ulitukuta nayo. Virusi hivyo vinamaliza askari wa mwili, na ule ukuta niliosema unaizunguka TB iliyolala unabomoka. Wodi zilijaa. Madaktari wa Nairobi wakaanza kuona kitu cha kutisha: wagonjwa wa TB waliokuwa na virusi wanaanza dawa, halafu ngozi inatoka malengelenge na kubambuka kama ya mtu aliyeungua. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa 1991 ulionyesha kwamba kati ya wenye virusi waliopewa thiasetazoni, mmoja kati ya watano alipata madhara hayo ya ngozi. Kwa wasio na virusi, ni mmoja kati ya mia. Wengine walikufa, na kilichowaua kilikuwa dawa waliyopewa ili waishi. WHO ikabadilisha ushauri wake, dunia nzima ikafaidi, na kwa mara nyingine ujuzi ulikuwa umetoka kwa mwili wa mtu wa hapa. Angekuwa amepata ile rifampisini iliyopimwa kwa majirani zake miaka ishirini kabla, hangekuwa kwenye hiyo orodha.

Kuna mtu anasema: lakini nchi ilikuwa maskini, ungetaka wafanye nini? Sawa. Jirani zetu Tanzania walikuwa maskini vile vile. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walishirikiana na Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua TB baada ya kufungwa kambi ya Wanazi, Mauthausen. Hawakungoja hospitali kubwa za kisasa. Walitumia zahanati zilizokuwapo, darubini ya kupima makohozi, rejista moja ya karatasi kila wilaya, na sheria kwamba kila mgonjwa aliyeandikwa lazima aandikwe pia aliishia vipi: alipona, alikufa, ama alipotea. Walipoleta matibabu mafupi yenye rifampisini miaka ya 1980, muhudumu alikuwa akimwona mgonjwa akimeza miezi ile ya kwanza. Idadi ya waliopona ilipanda. Wachumi wa Benki ya Dunia walipopiga hesabu walikuta ni mojawapo ya matibabu ya bei nafuu zaidi duniani ukilinganisha na maisha yanayookolewa. WHO ilitangaza TB kuwa dharura ya dunia mwaka wa 1993, na mpango ilioueneza kila mahali, ule ulioitwa DOTS, mfano wake mkubwa ulikuwa Tanzania. Kenya nayo ikauchukua.

Rejista ya karatasi. Mimi hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kuliko hata dawa. Mtu amekaa Bagamoyo ama Dodoma na kitabu cha mistari, anauliza, "Huyu wa nambari 14 yuko wapi?" na anatoka kwenda kumtafuta.

Kumtafuta lakini kuna namna. Agosti 2010, Kapsabet, wanaume walioacha dawa za TB walishikwa. Wawili kati yao wakahukumiwa miezi minane gerezani, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma, eti ndio watengwe na jamii. Tafakari hiyo. Mtu ana ugonjwa unaosambaa kwa hewa ya chumba kilichojaa, halafu unamweka kwenye seli ya gereza la Kenya. Walikaa siku 46 kabla ya korti kuamuru waachiliwe. Kesi iliendelea, na Machi 24, 2016, Siku ya TB yenyewe, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga jela ili kuwatibu kulivunja katiba, akaiagiza serikali itengeneze sera ya kutenga wagonjwa kwa njia ya utu. Ukienda kwa sehemu za maoni mtandaoni utapata wasee wakisema wangeachwa wafungwe tu. Mimi nauliza, mtu anaacha dawa kwa nini? Kibarua kinalipwa kwa siku, kliniki iko kilomita kumi na tano, dawa hizo ukimeza na njaa zinakuchafua tumbo, na kufikia mwezi wa pili anajisikia mzima. Dawa ni bure, nauli si bure. Pingu haileti nauli.

Mwaka huo huo Kenya ilifanya vitu viwili vizuri. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kutumia kote nchini dawa za TB za watoto zenye ladha ya matunda na za kuyeyuka kwa maji. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakiponda vidonge vichungu vya watu wazima na kukisia dozi. Cha pili, ilimaliza kupima TB nyumba kwa nyumba kwa mara ya kwanza tangu uhuru kwa ukubwa huo. Huo uchunguzi ulituvua nguo. Karibu wagonjwa wanne kati ya kumi hawakuwa wanajulikana, wanatembea tu, wanaenda kazi, wanapanda matatu. Na wale wanaosema TB ni ya watu wa Ukimwi, sikieni: kati ya waliopatikana na TB na kujua hali yao, 83 kati ya mia hawakuwa na virusi. Waliolemewa zaidi ni wanaume, watu wa mjini, na watu wa miaka 25 hadi 34. Nani huyo? Si ni sisi? Ni yule boy wa boda, yule wa mjengo, yule anayekesha studio ya dirisha moja na wenzake wanane akirekodi.

Wengi wao hata kukohoa wiki mbili hawakuwa wanakohoa. Kwa hivyo hii habari ya kungoja mpaka utoe damu kama kwa sinema, achana nayo. Kikohozi kisichoisha, jasho la usiku la kulowesha shuka, homa za jioni, kilo kushuka bila sababu: yoyote kati ya hizo, nenda upimwe makohozi. Na kama mtu wa keja moja na wewe amepatikana nayo, nenda hata kama hujisikii chochote.

Nimalizie na pesa, juu kila kitu hapa kimekuwa ni pesa. TB sugu, ile isiyosikia rifampisini, ilikuwa ikitibiwa kwa sindano za miezi mingi zilizoua masikio. Phumeza Tisile wa Afrika Kusini alipona TB akabaki kiziwi. Nandita Venkatesan wa India, vivyo hivyo. Dawa mpya ya kumeza, bedakwilini, ilipata kibali Marekani mwishoni mwa 2012, ya kwanza ya aina mpya kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini kampuni ya Johnson & Johnson ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuiuza peke yake, na ikataka kuirefusha India. Hao wanawake wawili walipinga rasmi. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikawapa ushindi. Miezi michache baadaye bei ya matibabu ya miezi sita ya bedakwilini kwa nchi kama zetu ikashuka hadi dola kama 130. Watu wawili waliopoteza masikio ndio walifanya hiyo kazi. Serikali ngapi zilikuwa zimekaa kimya?

Na sasa chanjo. Ile ya 1921 huenda hatimaye ikapata mwenzake. Inaitwa M72. Jaribio la kwanza kubwa lilifanywa Kenya, Zambia na Afrika Kusini, na lilionyesha kwamba kwa watu wazima waliokwisha kuambukizwa inapunguza kuugua kwa karibu nusu. Mwaka wa 2024 lilianza jaribio la mwisho, la watu hadi 20,000, na Kenya iko ndani tena. Wenzenu wa rika lenu wamekunja shati wakadungwa, bila kujua kama ni chanjo au ni maji ya chumvi. Wakati huo huo, Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wahudumu wengi waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa TB hapa Kenya walirudishwa nyumbani. Tumetoa watu wa kupima chanjo wakati hatuna wa kushika ile rejista.

Kwa hivyo kabla matokeo ya M72 hayajatoka, mimi ningependa mtu wa Wizara ya Afya atuambie hadharani mambo mawili. Bei ya chanjo hiyo kwa Kenya imeandikwa wapi? Na kati ya nchi zitakazonunua, sisi tuko nambari ngapi kwenye foleni? Mkikutana na mbunge wenu kwa mazishi au harambee, muulizeni pia. Akisema hajui, angalau atakuwa ameulizwa.